Kadi ya Kijani na Nauli ya Kusini

Siku niliyokabidhiwa kadi yangu ya kwanza ya kukopea naikumbuka vizuri, mwanangu, pengine kuliko hata siku niliyoolewa. Marehemu mume wangu alilijua hilo na hakuwahi kuninunia. Ilikuwa miaka ile ya Ujamaa, tulipokuwa tukiitana ndugu kuanzia mfagiaji hadi meneja. Mimi nilikuwa binti wa Tandika, huku Temeke, nimeajiriwa karibuni kwenye kiwanda cha nguo kule Barabara ya Pugu. Kazi yangu ilikuwa kukunja kanga zikishatoka mashineni, na nilikuwa naipenda kazi ile mno, kwa sababu nilikuwa naziona kanga mpya kabla ya wanawake wote wa Dar es Salaam.

Kiwandani palikuwa na duka la ushirika wa wafanyakazi. Ukishamaliza miezi ya majaribio unapewa kadi, karatasi ngumu ya kijani, jina lako limepigwa chapa juu yake. Ukitaka sukari, sabuni ya mche, mafuta ya kula au doti ya kanga, huendi na pesa, unakwenda na kadi. Karani anaandika, anagonga muhuri, unabeba mzigo wako. Mwisho wa mwezi thamani yake inakatwa kwenye mshahara kabla bahasha haijafika mkononi mwako. Ruhusa ilikuwa kukopa hadi nusu ya mshahara, basi. Kwa hiyo ukinisikia nasema nilikuwa na kadi ya mkopo kabla benki zenu hazijaanza kuwabembeleza kwenye simu, usidhani bibi yako anajitia ujana.

Karani wa duka aliitwa Bwana Hemedi, mtu mzima, Mwarabu wa Temeke aliyezaliwa nyuma ya kaunta na kukulia hapo hapo. Siku ananipa kadi aliishikilia kidogo kabla hajaiachia.

"Binti yangu, pesa ikikutoka mkononi unaliona pengo," alisema. "Hii ikitoka inarudi na wewe nyumbani. Ndiyo ubaya wake."

"Ndiyo, mzee," nikamjibu, macho yangu yako kwenye rafu ya kanga. Sikusikia hata neno moja, nakwambia kweli.

Sasa nikuambie kilichokuwa nyumbani, maana bila hicho hutaelewa kwa nini nakusimulia. Mimi na mama tulikuwa tunaishi wawili, vyumba viwili vya kupanga. Mama alikuwa anakaanga mihogo na kuiuza barazani. Yeye ni mtu wa kusini, Mmwera wa Lindi, alikuja mjini kuolewa, akafiwa na mume, akanilea mwenyewe. Mama yake, yaani bibi yangu, alikuwa bado hai huko shamba. Mimi bibi huyo alinipakata mara ya mwisho nikiwa sijaota meno. Basi mwaka ule akaja mtu kutoka Lindi na salamu: bibi macho yanaingia ukungu, jicho moja limeshafunga, la pili linafuata. Anachoomba ni kimoja, awaone binti yake na mjukuu wake kabla giza halijawa kamili.

Na wewe hukuijua barabara ya kusini ya enzi zile. Leo mnapita kwenye lami mnasinzia. Sisi masika ikishuka, njia ilikuwa inafunga, basi haliendi wala halirudi, na pantoni ya Rufiji inasimama kwa sababu mto umepanda. Usipoondoka kabla ya mvua, unasubiri miezi mpaka matope yakauke. Kwa hiyo tulikubaliana mimi na mama kwamba mshahara wa mwezi ule ndio nauli. Nusu tutalipia kodi na unga, nusu tunapanda basi wote wawili. Mama alianza kufunga kapu siku ile ile. Aliweka sukari ya bibi, akaweka tumbaku ya bibi, akaweka nguo zake na zangu. Kila siku analifungua, anapanga upya, anafunga, huku anaimba nyimbo za kwao ambazo hata sikujua kama bado anazikumbuka.

Ndipo ikaingia harusi ya Zuhura.

Zuhura alikuwa jirani yetu, tumekua pamoja, tumechezea ua mmoja. Na kwetu harusi haiendi bila sare. Wanawake wa upande wa bibi harusi wote kanga moja, rangi moja, wakiingia ngomani watu wajue ni kina nani. Kina mama wakakaa kikao, wakalalamika kanga zimeadimika mjini, madukani foleni, ukifika mbele zimekwisha. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni na kadi yangu ndani ya sidiria. Kabla sijajua nafanya nini, nimeshaitoa.

"Zipo kiwandani kwetu," nikasema. "Nyekundu na manjano, zimetoka wiki hii. Nitawachukulia."

Mwanangu, ungeona nilivyotazamwa! Binti wa muuza mihogo, wa juzi tu, leo ndiye anayevalisha mtaa mzima. Mama mmoja akanisogezea kigoda. Mwingine akaniletea chai yenye maziwa. Wakaahidi kunilipa siku ya harusi, na nadhani walikuwa wanamaanisha. Lakini mimi nilivimba kichwa. Wengine walipotaka kuniahidi nikawakatisha, "Ah, usijali dada, hii ni yangu kwako." Nilisema "usijali" mara nyingi mno siku ile. Nilikuwa nalisema kwa sauti ya mtu mwenye majumba.

Kesho yake nikaenda kwa Bwana Hemedi na nikarudi tena jioni. Nikabeba doti kwa doti hadi kadi ikafika mwisho wa ruhusa. Bwana Hemedi akanitazama juu ya miwani.

"Zote hizi utavaa wewe?"

"Za harusi, mzee. Watanilipa."

Akagonga muhuri. Kazi yake ilikuwa kugonga muhuri, na maneno yake alishayamaliza. Na mimi, niamini, wakati nabeba ule mzigo sikuwaza nauli hata kidogo. Pesa sikuiona ikitoka. Mshahara ulikuwa haujaja, kwa hiyo kichwani mwangu ulikuwa bado mzima, na kanga nazo ni zangu. Nilikuwa na vitu vyote viwili kwa wakati mmoja, na nilikuwa na furaha sana.

Siku ya mshahara ilikuwa Ijumaa, harusi ikiwa kesho yake, Jumamosi. Basi la Lindi nililoulizia lilikuwa la Jumatatu, na makondakta walishaanza kusema huenda ndilo la mwisho kabla ya mvua. Nikafungua bahasha nyuma ya ukuta wa kiwanda. Ilikuwa nyembamba. Nikaingiza vidole nikaona kodi, nikaona unga, nikatafuta nauli, haipo. Nikaigeuza bahasha nikaipuliza ndani, kana kwamba pesa zimejibana pembeni.

Nilirudi nyumbani nikamkuta mama amekaa mlangoni, kapu liko tayari, amelifunga kwa kamba.

"Umepokea?"

"Nimepokea, mama."

"Alhamdulillahi." Akaingia ndani anaimba.

Sikuweza kumwambia. Nikatoka nikaenda kwa somo yangu, Bi Arafa. Vijana wa siku hizi wengi hamna somo, na mnakosa mengi. Somo ni yule mwanamke aliyekufunda ulipovunja ungo, na kuanzia siku hiyo ana haki ya kukuambia lolote, wakati wowote, na wewe huna haki ya kununa. Bi Arafa alikuwa mnene, mcheshi, fundi wa ngoma, na alikuwa na ulimi usiokosa shabaha.

"Shikamoo somo."

"Marahaba. Una nini? Umevaa uso wa msibani na harusi kesho."

Nikamweleza yote. Alikuwa anachambua mchele wa pilau ya harusi na hakuacha kuchambua. Nilipomaliza akaweka ungo chini.

"Siwema, mie nilikufunda kukaa na mume," alisema. "Sikujua kumbe ningetakiwa nikufunde kukaa na kadi." Nikacheka. Yeye hakucheka. "Nisikilize. Pesa ile mlishaipa jina, wewe na mama yako. Jina lake nauli. Wewe ukaenda ukaibadilisha jina, ukaiita kanga, bila kumwambia mwenzio. Ingekuwa yako peke yako nisingesema kitu, ungevaa mpaka ukachoka. Sasa hii ni ya mama yako, na ya bibi anayepofuka, aliyekaa barazani huko Lindi anasikiliza honi za mabasi."

Nikaanza kulia. Akanipa ncha ya kanga yake nijifutie.

"Wangapi waliahidi kulipa, na wangapi uliwaambia usijali?"

"Nusu kwa nusu, somo."

"Hao wa usijali wasamehe. Ulishawapa, na kuwadai sasa ni utovu wa adabu, na mie sitakuruhusu. Hao wengine niachie. Lakini mama yako utamwambia mwenyewe, kwa mdomo wako huo huo uliosema usijali, na utamwambia kesho baada ya ngoma. Usimharibie leo, mwache aimbe."

Ah, mwanangu, ngoma ya Jumamosi ile! Nimeona harusi nyingi, nimecheza nyingi, lakini kama ile sijaona nyingine. Uani kwa kina Zuhura palijaa nyekundu na manjano mpaka macho yanauma. Ngoma zikalia, wanawake wakazunguka, vigelegele juu. Watu walipokolea kabisa, Bi Arafa akainua mkono, ngoma zikanyamaza. Akachukua sinia kubwa ya pilau, tupu, akaiweka katikati ya uwanja.

"Jamani kina mama wa sare!" akapaza sauti. "Mmependeza, Mungu kawapamba, na Siwema kawavisha. Sasa sare haichezi ikiwa na deni, inateleza kiunoni! Kila mwenye ahadi yake aje nayo kwa kucheza. Asiyekuja, ngoma hii hailii."

Hata mimi nilitaka ardhi inimeze. Lakini yeye alishaanza kuimba wimbo alioutunga papo hapo, wa kuwataja kwa vituko: mwenye shingo ndefu, mwenye watoto pacha, aliyeolewa na fundi cherehani. Ukitajwa huna pa kujificha, na anakutaja kwa sifa, hivyo huwezi hata kukasirika. Wakaanza kuja, mmoja mmoja, wanakatika viuno, wanaweka noti, wanarudi kwa maringo. Mmoja hakuwa na pesa, akamfuata mumewe nje barazani kwa wanaume, tukamsikia anamwambia, "Toa upesi, ngoma imesimama kwa ajili yangu!" Mwingine, Mama Mwajabu, aliahidi na hakutaka kulipa, akaingia chumbani akajifunga ile kanga nje ndani, akidhani haitajulikana kuwa ni sare. Bi Arafa akamwona, akamwimbia, na uwanja mzima ukaanguka kicheko. Mama Mwajabu akacheka mpaka machozi, akalipa, akaomba arudiwe kuimbiwa. Hakuna aliyegombana na mwenzake, na Zuhura, bibi harusi mwenyewe, alikuwa anachungulia dirishani na shela yake anapiga vigelegele kuliko wote.

Tulipohesabu, ilipatikana nauli ya mtu mmoja, kwenda na kurudi, na ya mkate njiani. Ya mtu mmoja tu. Ile nyingine ilikuwa inacheza pale uwanjani, imevaliwa na wale niliowaambia wasijali.

Nikaenda nyumbani nikamkuta mama anavua viatu vya ngomani, bado amefurahi. Nikapiga magoti nikamwambia. Nilimwambia kila kitu, nikaweka zile pesa kwenye mkeka mbele yake, nikasema, "Nenda wewe mama. Mimi nitabaki."

Mama alivuta lile kapu, akafungua kamba aliyokuwa ameifunga vizuri. Akatoa gauni lake. Akatoa kanga zake, moja na ya pili. Akatoa viatu vyake vya kuvaa Lindi, alivyovinunua miezi mingi nyuma na hakuwahi kuvivaa. Akavipanga vyote pembeni ya kitanda. Akabakisha nguo zangu, na sukari, na tumbaku. Kisha akafunga kamba tena.

"Mie ananijua," alisema. "Ameniona miaka yangu yote ya utoto, mpaka akanichoka. Wewe hajakuona tangu hujaota meno. Utakwenda wewe."

Nikalia, nikakataa, nikamshika miguu. Akaniambia ninyamaze, niende nikaoge, na asinisikie tena nazungumzia jambo hilo. Mpaka leo nikiona mtu anatoa nguo ndani ya begi, moyo unanishtuka.

Jumatatu nikaondoka, likizo yangu nimeombewa na msimamizi wa kiwandani. Basi lilikuwa limejaa watu, kuku, na magunia. Kwenye pantoni ya Rufiji mawingu yalikuwa meusi, na mbele ya hapo tulisukuma mara nyingi kuliko tulivyopanda. Nilifika kwa bibi nikiwa na matope mpaka kwenye nyusi. Walipomwambia ni nani, alisimama bila fimbo.

"Njoo mwangani," alisema. "Upesi, jua lisije likaondoka."

Akanishika kidevu, akanigeuza huku, akanigeuza kule, akainamisha kichwa ili aniweke mbele ya lile jicho lililobaki. Alinitazama kwa muda mrefu. Alinisugua matope kwa kidole gumba apate kuona vizuri. Halafu akaanza kucheka.

"Loo! Pua ya mama yako! Na mdomo huu wa kusema sema ni wa mama yako. Yuko wapi? Anakuja nyuma?"

Nikamwambia ukweli. Nikamwambia kadi, harusi, sinia, kila kitu. Hakunikaripia. Alisema, "Basi nipikie chai kwa hiyo sukari, unisimulie ile ya kanga iliyovaliwa nje ndani." Nikamsimulia siku zote nilizokaa, kila siku anataka nirudie, na kila nikirudia alikuwa ananisogeza mwangani. Niliondoka na basi la mwisho lililopita.

Nilipofika Tandika mama alikuwa barazani, mafuta yanachemka. Hakunipokea hata mzigo.

"Amekuona?"

"Ameniona, mama. Ameniweka kwenye jua akaniangalia. Amesema nina pua yako na mdomo wako."

Mama aliacha mwiko ndani ya karai. Akanishika kidevu vile vile alivyonishika bibi, akanigeuza, kama anayetafuta kitu alichokisahau. Kisha akatabasamu mpaka meno yote yakaonekana.

"Basi na mie ameniona," alisema. "Kaa ule muhogo, utapoa."

Njia ikafunga wiki ile ile. Ilipofunguka, mama alikwenda, na viatu vyake miguuni, na nauli yake niliiweka pembeni mwenyewe, shilingi kwa shilingi, kadi imelala kabatini. Bibi alikuwa haoni tena. Alimpapasa mama uso wote, akasema, "Mbona umezeeka?" wakacheka mpaka majirani wakaja kuuliza kuna nini. Mama alinisimulia hivyo, naye alikuwa anacheka. Mimi nilicheka pamoja naye, na ndani nilikuwa najua kwamba deni la duka nililimaliza kwa mwezi mmoja, lakini kile alichonitolea mama sikuwa na mahali pa kukilipia.

Mwanangu, nasikia kadi zenu ni za plastiki, unagusisha tu kwenye mashine inalia ti, umeshamaliza. Ichukue, usiiogope. Mimi ile ya kijani niliendelea nayo miaka, na ndiyo iliyonipatia cherehani iliyomsomesha baba yako. Lakini kabla hujaigusisha, kaa chini na uipe majina pesa ya mwezi ujao: hii kodi, hii nauli, hii dawa ya mzee. Kilichokwisha kupewa jina usikiguse, hata kama benki imekuruhusu. Ile ruhusa wanayokuandikia si pesa yako, ni kipimo cha kiasi wanachoweza kukudai. Ukikopa, lipa yote siku ikifika, usilipe kile kidogo wanachokukubalia ili wakukamue taratibu kwa riba. Usinunulie watu sifa. Neno "usijali" liseme ukiwa na pesa mkononi, siyo ukiwa na kadi. Na ukishateleza, maana utateleza, mwambie mapema yule ambaye atabeba, kwa sababu yupo. Usidhani deni lako utalilipa peke yako. Kuna mtu ndani ya nyumba yako atafungua kapu lake kimya kimya, atoe nguo zake, na wala hatakudai.

Mungu akupe riziki inayotosha na akili ya kuijua ikitosha. Akukutanishe na watu watakaokuambia kweli huku wakikuchekesha. Wazazi wako wakitaka kukuona, uwe umeshafika, na jua liwe bado lipo. Amina, mwanangu.